Kasa: Miaka Thelathini Baharini, Saa Mbili Ufukweni

Kasa ni mtambaazi mwenye gamba anayeishi baharini maisha yake yote, isipokuwa zile saa chache ambazo jike hupanda ufukweni kutaga. Ana undugu na kobe wa nchi kavu, lakini mwili wake umechongwa kwa ajili ya maji: gamba limelala na kuchongoka kuelekea mkiani, miguu ya mbele imekuwa makasia marefu, na ya nyuma hufanya kazi ya usukani. Kobe akitishwa huficha kichwa na miguu ndani ya gamba. Kasa hana nafasi hiyo. Kichwa chake hakiingii, na kinga yake mbele ya papa ni ukubwa, mbio na kujua kumgeuzia mgongo kwa wakati.

Duniani zimebaki aina saba tu. Tano huonekana katika maji ya Afrika Mashariki, na wavuvi wa pwani wana majina yake ya tangu zamani: kasa wa kawaida, ng'amba, duvi, kigome na noa. Mbili hazifiki huku. Moja ina makazi yake Ghuba ya Meksiko, na nyingine haitoki katika maji ya Australia na jirani zake wa karibu.

Anayekutwa zaidi ni kasa wa kawaida, ambaye wataalamu humwita kasa wa kijani kwa sababu ya rangi ya mafuta yaliyo chini ya gamba lake. Aliyekomaa huwa na gamba la urefu wa mita moja hivi na uzito wa kilo 100 hadi 200. Utotoni hula viumbe vidogo vya kila namna, lakini akikua hugeuka mla majani, na kingo za taya zake zina mikato kama ya msumeno ya kukatia nyasi za baharini. Ng'amba ni mdogo kuliko huyo, na mdomo wake uliochongoka kama wa mwewe humwezesha kuchokoa sifongo kwenye nyufa za matumbawe. Gamba lake lenye madoa ya kahawia na manjano ndilo lililomponza, kama itakavyoonekana. Duvi ana kichwa kikubwa na taya za kuvunjia kaa na konokono; kigome ni mdogo kuliko wote watano, kilo 40 hivi.

Noa yuko peke yake. Hana gamba gumu: mgongo wake umefunikwa kwa ngozi nene kama mpira, yenye matuta saba ya kwenda urefu. Chakula chake ni yavuyavu, na ndani ya koo ana miiba laini iliyoelekea tumboni inayozuia windo lisiteleze kurudi nje. Noa dume aliyekutwa amekufa pwani ya Wales mwaka 1988 alikuwa na kilo 916. Anaweza kuzama zaidi ya mita 1,200, na huingia hata bahari za baridi ambako kasa wengine wangeganda, kwa kuwa ukubwa wake, mafuta yake na mpangilio wa mishipa ya damu miguuni humsaidia kuhifadhi joto la mwili. Kwa mtambaazi hilo ni jambo la ajabu.

Kasa wote huvuta hewa kwa mapafu kama binadamu, na hili ndilo jambo la kwanza la kukumbuka kila inapozungumziwa mitego na nyavu. Akiwa ametulia chini ya mwamba, kasa anaweza kukaa saa kadhaa bila kuibuka, kwa kuwa moyo wake hupunguza mapigo na mwili hutumia hewa kidogo sana. Akinaswa na kuanza kupapatika, akiba hiyo huisha upesi, na anaweza kufa maji kabla saa moja haijapita. Jambo la pili ni chumvi. Kasa hunywa maji ya bahari na kula vyakula vyenye chumvi nyingi, na figo zake peke yake hazimudu kuiondoa. Kazi hiyo hufanywa na tezi zilizo karibu na macho, zinazotoa majimaji mazito yenye chumvi kali. Ndiyo yale machozi ambayo watu huona jike akitaga na kusema analia kwa uchungu. Huyatoa akiwa baharini pia, ila huko hakuna anayeyaona.

Ukoo huu ni wa kale mno. Mifupa ya mnyama aliyepewa jina la Odontochelys, iliyofukuliwa mkoa wa Guizhou nchini China na kutangazwa mwaka 2008, ina umri wa miaka milioni 220 hivi. Mnyama huyo alikuwa na gamba la tumboni lililokamilika, mgongoni alikuwa na mbavu pana tu, na kinywani alikuwa na meno, kitu ambacho kasa na kobe wa leo hawana. Mabaki ya mtambaazi mwingine wa kale zaidi kutoka Afrika Kusini, Eunotosaurus, yanaonyesha mbavu zikianza kutanuka miaka milioni 260 iliyopita. Baadhi ya wataalamu wanaona mbavu hizo zilianza kupanuka ili kumpa mnyama mchimbaji egemeo la miguu, na kwamba ulinzi ulikuja baadaye. Ama swali la nani ndugu wa karibu wa kasa, uchunguzi wa vinasaba umewaweka pamoja na mamba na ndege, jibu ambalo wengi hawakulitarajia.

Kurudi baharini kulitokea baadaye sana. Kasa wa bahari wa zamani zaidi wanaojulikana vizuri walipatikana Kolombia na Brazili, wakiwa na umri wa kati ya miaka milioni 110 na 120. Yule wa Brazili, Santanachelys, vidole vyake vilikuwa bado havijaungana sawasawa kuwa kasia, lakini fuvu lake linaonyesha nafasi kubwa ya tezi za chumvi. Maana yake ni kwamba mwili ulijifunza kuishi na maji ya chumvi kabla miguu haijawa stadi wa kuogelea. Baadaye walitokea majitu kama Archelon wa Amerika Kaskazini, mwenye urefu wa zaidi ya mita nne. Majitu hayo yalitoweka. Koo mbili tu zilivuka maangamizi ya miaka milioni 66 iliyopita yaliyowafuta dinosaria: ukoo wa kasa wenye gamba gumu, na ule ambao leo umebaki na noa peke yake.

Jambo moja halikubadilika katika muda wote huo: yai la kasa linahitaji hewa. Likilazwa majini, kiumbe kilichomo hufa. Ndiyo maana jike hana budi kurudi nchi kavu, mahali ambapo ni mzito, mpole na hana silaha.

Kasa wa kijani hupevuka akiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 50, kutegemea wingi wa chakula katika malisho yake. Muda wake ukifika, madume na majike huondoka malishoni na kusafiri mamia, pengine maelfu ya kilomita hadi maji yaliyo karibu na ufukwe wa uzazi. Hujamiiana majini, na jike anaweza kupokea mbegu za madume kadhaa na kuzihifadhi kwa ajili ya mayai ya msimu mzima. Dume hamfuati ufukweni. Baada ya siku ile alipotoka yaini, kwa kawaida hatakanyaga mchanga tena.

Jike hupanda usiku, aghalabu maji yakiwa yamejaa. Wakati huo ni mwoga: mwanga wa tochi, mbwa au kishindo cha watu humrudisha baharini. Akiridhika na mahali, juu ya mstari wa maji makuu, hufukua kwa miguu ya mbele kibonde cha kuenea mwili wake. Kisha miguu ya nyuma hushika kazi, na hapo ndipo ustadi wake huonekana. Mguu mmoja huingia shimoni, hujikunja kama kata ya kuchotea maji, huinua mchanga na kuutua pembeni. Halafu mwingine huingia. Hachungulii hata mara moja, na bado hupata shimo lenye umbo la mtungi, jembamba juu na pana chini, lenye kina kinachozidi nusu mita. Ndani yake hudondosha mayai mia moja hivi, pengine zaidi, meupe, ya mviringo na yenye ganda laini lisilovunjika kwa kuanguka. Anapoanza kutaga hupoteza woga na hata akikaribiwa haondoki, udhaifu ambao wawindaji wameujua siku zote. Akimaliza hufukia, hushindilia, kisha hutawanya mchanga huku na huko kuficha mahali penyewe. Kazi nzima huchukua saa moja hadi tatu.

Baada ya wiki mbili hivi hurudi, na huenda akataga mara tatu hadi sita katika msimu mmoja. Kisha hurejea malishoni na kupumzika miaka miwili hadi mitano kabla ya msimu mwingine. Katika pwani ya Tanzania na Kenya wanaotaga kwa kawaida ni wawili, kasa wa kijani na ng'amba. Kasa wa kijani hutaga karibu mwaka mzima, na nchini Tanzania kilele chake ni Aprili hadi Juni, masika yakiishia na kusi ikishika. Duvi na noa wana fukwe zao muhimu kusini zaidi, katika pwani ya KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, ambako wamekuwa wakihesabiwa na kuvishwa vibandiko tangu mwaka 1963. Duvi wenye vibandiko vya huko wamewahi kupatikana katika maji ya Tanzania.

Mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 60. Hayana jinsia wakati yanapotagwa; joto la mchanga ndilo linaloamua katika theluthi ya kati ya muda huo. Karibu na nyuzi 29 za Selsiasi huzaliwa madume na majike kwa kiasi cha kukaribiana. Chini ya hapo madume huzidi, juu ya hapo majike huzidi, na joto likipanda mno mayai huharibika. Kwa hiyo ufukwe wenye vivuli vya miti na ule ulio wazi hutoa watoto tofauti. Ongezeko la joto duniani limeanza kuonekana katika hesabu hii. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 kuhusu kasa wa kijani wa sehemu ya kaskazini ya mwamba mkubwa wa matumbawe wa Australia uligundua kwamba zaidi ya asilimia 99 ya wadogo walikuwa majike. Dume mmoja anaweza kuhudumia majike wengi, kwa hiyo hali hiyo haimalizi uzazi mara moja, lakini haiwezi kuendelea bila kikomo.

Vitoto huvunja ganda chini ya mchanga na kupanda kwa pamoja, kila kimoja kikisukuma na kuangusha mchanga, hadi vinapofika karibu na juu. Joto la mchana huvituliza hapo. Mchanga ukipoa usiku, vyote hutoka kwa mkupuo. Hutafuta upande wa upeo ulio chini na wenye mwanga zaidi, ambao katika ufukwe wa asili ni bahari. Taa za hoteli na barabara huvipotosha, vikageukia nchi kavu na kufia huko. Njiani kuna kaa, kenge, kunguru na nguchiro, na majini samaki wakubwa. Vikiingia majini hukabili mawimbi, kisha huogelea usiku na mchana kwenda kilindini. Inakadiriwa kwamba kati ya watoto elfu moja, mmoja tu hivi hufika utu uzima.

Miaka inayofuata ilikuwa fumbo kwa muda mrefu. Archie Carr, mwanabiolojia wa Marekani aliyeanza kazi Tortuguero nchini Kosta Rika katika miaka ya 1950, ndiye aliyeieneza dhana ya "mwaka uliopotea" wa kasa. Leo inajulikana kuwa ni miaka mingi, na kwamba wadogo huelea na mikondo katikati ya bahari kuu, wakijificha kwenye magugu yanayoelea, hadi wanapofikia ukubwa wa sahani na kuhamia pwani. Majaribio ya Kenneth Lohmann na wenzake nchini Marekani yalionyesha kwamba vitoto vya duvi huhisi pembe na nguvu ya usumaku wa dunia na kujielekeza kwa hizo. Inaelekea kila ufukwe una alama yake ya usumaku, na kasa huikariri anapozaliwa, ndipo baada ya miongo kadhaa jike akarudi kutaga katika eneo lile lile.

Uhusiano wa kasa na watu wa pwani hii umeandikwa tangu karne ya kwanza. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus kinataja magamba ya kasa kati ya bidhaa zilizotoka Rhapta, bandari iliyokuwa katika pwani ya Tanzania ya leo, na kinaeleza kuwa watu wa kisiwa cha Menouthias waliwanasa kasa kwa matenga yaliyotegwa kwenye milango ya miamba. Baadaye wavuvi walitumia hata chazo, samaki anayejibandika kwenye miili ya wanyama wakubwa. Chazo alifungwa kamba mkiani na kuachiwa karibu na kasa. Akishamnata, mvuvi alivuta kamba taratibu. Gamba la ng'amba lilitengenezwa vitana, vikuku na masanduku kutoka Zanzibar hadi Ulaya na Asia. Watafiti walikadiria mwaka 2019 kwamba kati ya 1844 na 1992 ng'amba wapatao milioni tisa waliuawa duniani kwa biashara hiyo. Mkataba wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasa, na Japani, iliyokuwa mnunuzi mkuu, iliacha kuagiza magamba mwishoni mwa 1992. Ng'amba bado yuko katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka.

Nyama ya kasa ni habari nyingine, na inahitaji kusemwa waziwazi. Kasa, hasa ng'amba, anaweza kubeba sumu mwilini bila dalili yoyote ya nje. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, haina dawa ya kuikata, na hupita kwenye maziwa ya mama, kiasi kwamba mtoto anayenyonya anaweza kufa huku mama akipona. Novemba 2021 watu saba walifariki Pemba baada ya kula kasa. Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, walifariki watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Hakuna mvuvi awezaye kumtambua kasa mwenye sumu kwa kumtazama.

Kwa sasa muuaji mkubwa katika pwani hii ni wavu. Majarife, nyavu za matundu makubwa zinazotegwa kwa ajili ya papa na taa, huachwa majini usiku kucha, na kasa akinaswa hapati njia ya kwenda juu kuvuta hewa. Hasara ya jike mmoja aliyepevuka ni kubwa kuliko inavyoonekana sokoni, maana kumfikisha umri huo kumechukua miaka 30 na mamia ya ndugu zake waliokufa njiani. Kulinda mayai peke yake, kazi inayopendwa na wageni kwa kuwa vitoto vinapendeza, hakuwezi kufidia wakubwa wanaokufa baharini. Sheria za Tanzania bara, Zanzibar na Kenya zote zinamlinda kasa. Mvuvi mwenye deni la wavu, ambaye kamba zake zimekatwa na kasa, ana hesabu nyingine kichwani.

Ufukwe wenyewe pia unaweza kufa. Mbele ya Pangani kulikuwa na kisiwa cha Maziwe, chenye mivinje na mchanga mzuri, kilichohesabiwa kuwa mahali muhimu kuliko pote Tanzania kwa utagaji wa kasa, kigome akiwemo. Miti ilikatwa, mawimbi yakala mchanga, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kilikuwa kimezama. Limebaki fungu linalofunikwa maji yakijaa. Kasa wa kijani hawakuacha kuja, na mayai wanayotaga pale yangeoza yote kama yasingehamishiwa ufukwe wa Ushongo, bara, yakafukiwe upya.

Kinyume chake ni Aldabra, kisiwa cha Shelisheli kilicho katika bahari hii hii. Kasa waliwindwa huko kibiashara hadi wakapungua sana, na mwaka 1968 uwindaji ulipigwa marufuku. Wakati huo viota vilikadiriwa kuwa 2,000 hadi 3,000 kwa mwaka. Nusu karne baadaye vilifika 15,000 hivi. Kwa sehemu kutokana na ulinzi wa namna hiyo katika nchi nyingi, Oktoba 2025 shirika la IUCN lilimwondoa kasa wa kijani katika orodha ya wanyama walio hatarini duniani. Hukumu hiyo ni ya dunia kwa jumla. Makundi kadhaa bado yanapungua, na kasa anayezaliwa Shelisheli, Komoro au Mayotte huenda akala nyasi Tanzania, Kenya, Msumbiji au Madagaska, hivyo ulinzi wa visiwani unaweza kuliwa na nyavu za malishoni.

Katika pwani ya Waswahili kazi inayoonekana kufaulu ni ile inayowahusisha wavuvi wenyewe. Mafia, shirika la Sea Sense limewafundisha wanavijiji kulinda viota na kulipa motisha kwa anayetoa taarifa, na siku za kuanguliwa kwa mayai kisiwani Juani watalii hulipa kutazama, sehemu ya fedha ikirudi kijijini. Watamu, nchini Kenya, Local Ocean Conservation hupokea simu za wavuvi walionasa kasa, huwapa fidia ndogo ya muda na gharama, humtibu mnyama akiwa mgonjwa, kisha humrudisha baharini. Maelfu wameachiwa kwa njia hiyo.

Mvuvi anayemkuta kasa wavuni akiwa amelegea asimtupe majini hapo hapo, maana asiyepumua vizuri atazama. Kwanza wavu ukatwe kwa uangalifu. Kisha kasa alazwe kifudifudi kivulini, sehemu ya nyuma ikiinuliwa kiasi cha shubiri moja ili maji yatoke mapafuni, na afunikwe kitambaa kibichi bila kuziba pua. Anaweza kuchukua saa nne, na pengine hadi siku nzima, kabla ya kuanza kusogeza kichwa na miguu kwa nguvu. Akishapata nguvu ateremshwe majini taratibu, injini ikiwa imezimwa, mbali na nyavu za wengine.